Ndege 16 za aina sita: yanayomhusu abiria wa Air Tanzania kabla hajalipia tiketi

Wanaoisifu Air Tanzania na wanaoilaani mara nyingi hawazungumzii ndege moja. Aliyepanda Dreamliner ya Dar es Salaam hadi Mumbai, akafika bila kubadilisha ndege Addis Ababa wala Doha, ana yake ya kusimulia. Aliyeshinda kiwanja cha Bukoba akiambiwa ndege bado iko Mwanza ana yake pia, na wala hasemi uongo. Shirika ni lile lile. Ili kuelewa kwa nini lina sura mbili namna hiyo, tuweke kando matangazo na lawama, tuangalie ndege zenyewe: ni ngapi, za aina gani, mali ya nani, na zikiharibika nani anazo spea.

Dreamliner ya tatu ilipotua Agosti 2024, Serikali ilitangaza kwamba ndege zimefika 16. Ndani ya hizo kuna Boeing 787-8 tatu, ambazo ndizo Dreamliner. Boeing 737 MAX 9 mbili. Airbus A220-300 nne. Dash 8 Q400 tano, zile ambazo mitaani zinaitwa Bombardier. Q300 moja iliyobaki tangu enzi za shida. Na Boeing 767-300F moja ya mizigo mitupu. Za abiria basi ni 15, na ukihesabu aina zote unapata sita.

Aina sita kwa ndege 16 ni nyingi mno, na mambo mengi yanayomkera abiria yanaanzia hapo. Rubani aliyefuzu Q400 hawezi kuitwa asubuhi akarushe Airbus kwa sababu mwenzake anaumwa; leseni inamruhusu aina aliyosomea tu. Fundi wa ndege hali kadhalika. Spea za Boeing hazifungwi kwenye Airbus, kwa hiyo stoo moja inageuka kuwa stoo sita, na kila moja inakula fedha hata kama spea haijaguswa mwaka mzima. Ethiopian Airlines yenye ndege zaidi ya 100 ikipeleka Dreamliner moja karakana, abiria hajui hata kama kuna kilichotokea. Dar es Salaam, Dreamliner moja ikiingia kwenye matengenezo makubwa, theluthi ya uwezo wa safari ndefu imeondoka.

Hata kubadilishana ndege kuna mipaka yake. Dreamliner ina viti 262 na MAX ina 181. Safari ya Dubai inaweza kufanywa na MAX, lakini kama tiketi zote za Dreamliner zilishauzwa, watu 81 watabaki kwenye kaunta. Guangzhou nako MAX haifiki bila kutua njiani. Mfanyabiashara wa Kariakoo akisikia safari yake ya China imesogezwa siku moja, asidhani kuna mtu kasahau kazi yake. Mara nyingi hakukuwa na ndege nyingine ya kuweka pale.

Jinsi tulivyofika hapa ni hadithi ndefu, nitaifupisha. East African Airways, iliyokuwa mali ya Kenya, Uganda na Tanzania, ilikufa mwaka 1977 pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Machi mwaka huo Tanzania ikaanzisha shirika lake lenye twiga mkiani. Mwaka 2002 South African Airways ilinunua asilimia 49 ya hisa kwa dola milioni 20, ndoa ikavunjika mwaka 2006. Desemba 2008 Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, ilizuia cheti cha urushaji wa ndege, na shirika la taifa likakaa chini kwa majuma kadhaa. Aprili 2012 Dash 8 moja iliharibika kabisa ilipokuwa ikiruka Kigoma. Bahati nzuri hakuna aliyepoteza maisha. Hadi 2016 ilikuwa imesalia Q300 moja inayoruka. Septemba mwaka huo Q400 mbili zikapokewa kwa shangwe chini ya Rais John Magufuli, na tangu hapo ununuzi haujasimama.

Kwa maneno mengine, shirika hili lina miaka karibu 50 kwenye karatasi, ila kwa kazi tunayoiona leo ni changa. Kasi ya kununua ndege ilizidi kasi ya kufundisha watu na kujenga karakana. Hayo ni maoni yangu, lakini sidhani ni maoni ya peke yangu.

Airbus zilizokaa chini

A220 ndizo zilizotakiwa kuwa uti wa mgongo. Ya kwanza ilifika Desemba 2018, na Air Tanzania ikawa shirika la kwanza barani Afrika kurusha aina hiyo. Ina viti 132, inaruka mbali kiasi cha kufika Entebbe, Lusaka au Harare bila jasho, na mafuta inayotumia ni kidogo. Kwa njia kama Dar–Mwanza au Dar–Kilimanjaro ni ndege ya saizi yake kabisa.

Tatizo likaja na injini. A220 inauzwa na injini ya aina moja tu, PW1500G ya kampuni ya Pratt & Whitney ya Marekani; mnunuzi hana nafasi ya kuchagua nyingine. Injini hizo zilianza kuhitaji kufunguliwa na kutengenezwa mapema kuliko ilivyotarajiwa. Zikipelekwa karakana zinakuta foleni ya dunia nzima, na injini za akiba za kuazima ni chache. Novemba 2022 shirika lilitoa taarifa kwa umma likieleza kwamba baadhi ya Airbus zake zimesimama kwa sababu hiyo. Halikuwa peke yake: Swiss na airBaltic za Ulaya zilisimamisha ndege zao, na EgyptAir iliamua kuuza A220 zote 12 ilizokuwa nazo.

Tofauti ni kwamba Swiss ina ndege nyingine nyingi za kuzibia pengo. Hapa, A220 mbili zikikaa chini, kazi yake inaangukia Q400, ambazo nazo zilishapangiwa Songea, Iringa, Tabora na Mpanda. Wa Songea anacheleweshwa na injini ambayo haijawahi kufungwa kwenye ndege yake. Ukimweleza hivyo mtu aliyekaa saa sita kiwanjani hatakuelewa, na wala simlaumu.

Kwa nini ndege ya asubuhi ni bora

Q400 moja, yenye viti 76, haifanyi safari moja kwa siku. Inaondoka Dar es Salaam alfajiri, inakwenda mkoa mmoja, inarudi au inaunganisha mwingine, na mwisho wa siku imetua vituo kadhaa. Dakika 40 zilizopotea asubuhi hazipotei zenyewe, zinarithiwa na kila kituo kinachofuata. Anayesafiri na ndege ya kwanza anapanda chombo kilicholala kiwanjani na kukaguliwa usiku. Anayesafiri saa kumi jioni anapanda chombo kilichokusanya ucheleweshaji wa mikoa mitatu.

Halafu kuna suala la taa. Viwanja kadhaa vya mikoani havijawa na taa za kuongozea ndege usiku. Ndege ikichelewa Dar es Salaam saa mbili, na huko inakokwenda jua linazama kabla haijafika, haitacheleweshwa tena, itafutwa hadi kesho. Ndiyo maana tangazo linaweza kutoka "imesogezwa hadi saa kumi" likaruka moja kwa moja kwenda "imeahirishwa". Kwa mtazamo wa abiria ni kama wamekata tamaa ghafla, kumbe ni jua.

Kanda ya Ziwa inaongeza lake: hali ya hewa. Kiwanja cha Bukoba kipo ukingoni mwa ziwa, njia yake ya kurukia ni fupi, na mawingu ya asubuhi huko hayana adabu. Airbus na Boeing haziendi kule, ni kazi ya ndege za mapanga. Rubani asipoona vizuri atageuza kwenda Mwanza, na abiria atasononeka. Lakini Novemba 6, 2022 ndege ya shirika jingine, Precision Air, ilianguka ziwani karibu kabisa na kiwanja hicho katika hali mbaya ya hewa na watu 19 wakafa. Mimi rubani akigeuza, simuulizi.

Jambo la pili la Q400 ni mizigo. Sehemu za juu ya viti ni ndogo, na begi lililoingia vizuri kwenye Dreamliner kutoka Mumbai linaweza lisiingie kwenye Q400 ya kwenda Mbeya. Litachukuliwa mlangoni liende chini na mizigo mingine. Kwa hiyo dawa, hati na kompyuta viwe kwenye mfuko unaoweza kuutoa haraka. Pia kwenye viwanja vifupi au siku za joto kali, uzito wa ndege hupunguzwa ili iweze kuruka salama, na kinachopunguzwa kwanza ni mizigo. Gunia la dagaa linaweza kukufuata kesho yake.

Wa Dar kwenda Dodoma sasa ana uhuru wa kuchagua. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma Julai 2024, safari ya treni ya haraka ni kama saa tatu na nusu kutoka katikati ya jiji. Ukijumlisha foleni ya kwenda kiwanjani, kuwahi kabla ya muda na kusubiri, faida ya ndege kwa njia hiyo imebaki ndogo sana, labda kwa anayeunganisha na safari ya nje. Mwanza, Bukoba na Kigoma bado ni habari nyingine.

Marufuku ya Ulaya inamaanisha nini hasa

Hapa ndipo maneno mengi ya mitandaoni yamechanganya watu. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania kwenye orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka katika anga lake. Juni 2025 ukaenda mbali zaidi: mashirika yote yenye vyeti vilivyotolewa Tanzania yakaingizwa, na sababu iliyotajwa safari hii ilikuwa usimamizi wa usalama wa TCAA yenyewe, ikiwamo upungufu wa wataalamu wenye sifa.

Tofauti ya hatua hizo mbili ni kubwa. Ya kwanza ilihusu shirika moja. Ya pili ilimhusu msimamizi, na msimamizi akitiliwa shaka, kila aliyepewa cheti naye anaingia, awe na ndege nzuri au mbovu, awe wa Dreamliner au wa Cessna ya kupeleka watalii Serengeti. Kuwa kwenye orodha hiyo kwa hiyo hakumaanishi kwamba kila ndege ilikaguliwa ikakutwa na kasoro. Wala hakumaanishi, kama wengine walivyodai, kwamba ni hila za kibiashara tu. Ni tamko kwamba mkaguzi wa nje haridhiki na mkaguzi wa ndani, na la kufanya hapo ni kumjenga mkaguzi wa ndani.

Kwa abiria wa Dar–Mwanza, kisheria hakuna kilichobadilika: marufuku inahusu anga la Ulaya, na Air Tanzania haikuwa na safari za huko. Anayeguswa zaidi ni ndugu anayeishi Ujerumani au Uholanzi, au mtalii aliyenunua safari nzima kupitia wakala wa huko. Sheria ya Umoja wa Ulaya inamtaka muuzaji amweleze mteja ni shirika gani hasa litakalombeba kila kipande cha safari, na kama shirika litaingizwa kwenye orodha baada ya tiketi kununuliwa, muuzaji ampe fedha zake au njia mbadala. Jingine ni bima ya safari: zipo zinazoondoa fidia pale abiria anapotumia shirika lililo kwenye orodha hiyo. Soma masharti kabla ya kuondoka, kwa sababu ukishavunjika mguu Zanzibar ni kuchelewa. Orodha hupitiwa mara kwa mara, basi angalia toleo la karibuni badala ya kutegemea ujumbe uliosambazwa WhatsApp.

Ndege ya Serikali, deni la Serikali

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui: ndege zilizoanza kuingia mwaka 2016 hazikununuliwa na shirika. Zilinunuliwa na Serikali kwa fedha zake, zikawekwa chini ya Wakala wa Ndege za Serikali, TGFA, na ATCL, yaani kampuni ya Air Tanzania yenyewe, ikawa inazikodi kutoka huko. Kwa abiria hilo linaonekana kama mambo ya wahasibu, lakini Agosti 2019 liligeuka la abiria. Airbus A220 ilizuiliwa Johannesburg kwa amri ya mahakama kwa sababu ya deni la fidia ambalo mkulima mmoja mstaafu alikuwa akiidai Serikali ya Tanzania, deni la miaka mingi lisilo na uhusiano wowote na usafiri wa anga. Mahakama iliiachia mwezi uliofuata. Novemba mwaka huo huo, Q400 mpya ilizuiliwa Kanada kabla haijakabidhiwa. Anayeidai Serikali anatafuta mali yake iliyo nje ya nchi, na mali inayotua nje ya nchi kila siku ni ndege.

Ukodishaji huo pia una sura kwenye vitabu. Kwa mujibu wa ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, hasara ya ATCL ilikuwa shilingi bilioni 35.23 mwaka wa fedha 2021/22, ikapanda hadi bilioni 56.64 mwaka uliofuata, na bilioni 91.8 mwaka 2023/24. Ndege zilizokaa chini kwa ajili ya injini ni miongoni mwa sababu alizotaja. Shirika la taifa halitafungwa kesho kwa hasara hizo, maana Serikali ipo nyuma yake. Ila shirika linalopata hasara hukagua upya njia zake, na njia iliyofunguliwa kwa ngoma mwaka huu inaweza kusitishwa kimya kimya mwakani. Anayenunua tiketi ya miezi minane mbele kwenda mji mpya alikumbuke hilo.

Tiketi mkononi

Sasa ya vitendo. Air Tanzania haimo kwenye Star Alliance, SkyTeam wala Oneworld. Ukinunua Mwanza–Dar kwake na Dar–London kwa shirika jingine kwa tiketi mbili tofauti, hakuna anayewajibika kukuunganisha. Ndege ya Mwanza ikichelewa, wa London hana habari nawe, na tiketi yake itahesabiwa kuwa hukutokea. Nauli ya safari nzima kwenye tiketi moja mara nyingine ni kubwa zaidi, lakini hiyo nyongeza ndiyo inayonunua uwajibikaji. Ukishindwa, lala Dar es Salaam usiku mmoja. Na uwanja wa Julius Nyerere una majengo tofauti: safari za ndani hutumia Jengo la Pili na za nje Jengo la Tatu, na kutoka moja hadi jingine unahitaji gari.

Namba ya simu iliyo kwenye tiketi iwe yako. Mawakala wengi huandika namba zao wenyewe, na ujumbe wa kubadilika kwa muda unakwenda kwao wakati wewe uko njiani. Jina liwe kama lilivyo kwenye pasi au kitambulisho cha NIDA, herufi kwa herufi. Na kabla ya kufurahia nauli nafuu, uliza mambo mawili: kubadilisha tarehe ni shilingi ngapi, na nisipotokea napoteza kiasi gani. Tiketi mbili za ndege moja zinaweza kuwa na majibu tofauti kabisa, na kilo za mzigo zikatofautiana pia.

Ndugu walioko Ulaya hupenda kusimulia walivyolipwa euro 600 kwa ndege kuchelewa. Usiitarajie. Kanuni hiyo inahusu safari zinazoanzia Ulaya, au zinazokwenda huko na mashirika ya huko. Dar–Dubai kwa Air Tanzania haimo. Ulichonacho kwa safari za nje ni Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Tanzania imeridhia. Mkataba huo haulipi kiwango cha papo kwa papo. Unalipa hasara uliyoithibitisha, hadi kikomo. Tangu mwisho wa Desemba 2024, kikomo cha mzigo ni SDR 1,519, sarafu ya mahesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa, yaani dola 2,000 na ushee. Kwa ucheleweshaji wa abiria ni SDR 6,303, isipokuwa shirika likionyesha lilichukua kila hatua iliyowezekana kuuepusha. Risiti za hoteli na chakula ndizo ushahidi wako, kwa hiyo zitunze.

Begi lisipotokea kwenye mkanda, usitoke nje ya jengo kabla ya kuandikiwa ripoti yenye namba. Begi lililoharibika lalamikia kwa maandishi ndani ya siku 7. Lililochelewa, ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa, na likipita siku 21 bila kufika una haki ya kulihesabu limepotea. Kwa safari za ndani zinatumika kanuni za nchi na masharti yaliyo kwenye tiketi. Shirika lisipokujibu, peleka shauri TCAA. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, lililoundwa kwa ajili ya watu wa namna yako, na wachache mno wanalitumia. Mahakamani, kwa safari zilizo chini ya mkataba, muda ni miaka miwili tangu siku ndege ilipofika au ilipopaswa kufika. Ukipita huo, hakuna jaji atakayekusikiliza.